Kufungua ukurasa si kuusoma: Macho ya msomaji yanapimwaje mtandaoni?

Na Mwandishi Wetu

MUUZA magazeti aliyeizoea kazi yake hahitaji mtambo wowote ili ajue ni habari gani imewanasa watu asubuhi hiyo. Huwatazama wale wanaosimama mbele ya meza yake wakisoma vichwa vya habari bila kununua, akaona macho yao yanatua wapi. Habari ikiwa nzito, mtu huinama, husogea karibu, huurudia mstari, kisha ama hutia mkono mfukoni, ama huondoka haraka kuliwahi daladala.

Gazeti lilipohamia kwenye mtandao, jicho la muuza magazeti lilibaki kibandani. Kilichokuja badala yake ni hesabu: ukurasa huu umefunguliwa mara ngapi, kiungo kile kimebofywa na wangapi. Hesabu hiyo inavutia kwa kuwa ni kubwa na huja papo hapo. Lakini haisemi jambo ambalo mhariri na mfanyabiashara anayelipia tangazo wote wawili wangependa kulijua. Je, yule aliyefungua ukurasa aliutazama? Alifika aya ya ngapi? Na lile tangazo lililokuwa pembeni, macho yake yalilifikia?

Swali hili si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Mfanyabiashara hulipia idadi ya mara ambazo tangazo lake limeonyeshwa, na fedha hiyo ndiyo inayomlipa mwandishi nauli ya kwenda kwenye tukio. Ndani ya chumba cha habari nako, mibofyo imekuwa ikiamua mambo mengi. Habari ya uchunguzi iliyomchukua mwandishi wiki tatu huonekana imeshindwa mbele ya picha ya msanii, hata kama wachache walioifungua waliisoma hadi nukta ya mwisho. Kipimo kibovu kikitumika kwa muda mrefu hubadili kazi yenyewe, na wengi wetu tuliomo katika tasnia hii tumeyaona hayo.

Njia ya uhakika ya kujua mtu anatazama wapi ipo, na chimbuko lake ni la zamani. Mwaka 1879 daktari wa macho wa Ufaransa, Louis Émile Javal, alieleza kuwa jicho la msomaji haliteleze juu ya mstari kama tunavyodhani, bali huruka, hutua, kisha huruka tena. Leo inafahamika kuwa jicho hutua mara tatu au nne kwa sekunde moja, na kwamba sehemu tunayoiona kwa ukali ni ndogo mno, takriban digrii 2, sawa na upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Mengine yote yaliyo mbele yetu tunayaona kwa ukungu, ubongo ndio unaotujazia.

Kwa sababu hiyo, anayejua kidole gumba hicho kimeelekezwa wapi anajua mengi. Mitambo ya maabara hummulika mtu kwa mwanga wa infraredi asiouona, kamera ikanasa mng'ao wake juu ya jicho pamoja na mahali ilipo mboni, kisha kompyuta ikapiga hesabu. Kampuni ya Tobii ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 2001, ni miongoni mwa zilizoufanya mtambo huo kuwa bidhaa ya kuuzwa. Mtambo mzuri hukosea kwa chini ya digrii 1.

Magazeti yalikuwa miongoni mwa wa kwanza kunufaika. Taasisi ya Poynter ya Marekani, inayofundisha waandishi wa habari, iliendesha utafiti wa macho ya wasomaji mwaka 2004, ikaurudia mwaka 2007 kwa watu wapatao 600. Katika ule wa mwaka 2007 ilionekana kuwa msomaji wa mtandaoni akishaichagua habari husoma wastani wa asilimia 77 ya maneno yake, wakati msomaji wa gazeti pana la karatasi husoma asilimia 62. Matokeo hayo yaliwashangaza waliokuwa wakiamini kuwa mtandao ni mahali pa kupitia juu juu tu.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, mtafiti Jakob Nielsen alitangaza matokeo ya watu 232, akaonyesha kuwa macho kwenye ukurasa wa mtandao mara nyingi huchora umbo la herufi F: mstari wa juu husomwa, wa chini yake husomwa nusu, kisha macho huteremka upande wa kushoto. Matangazo ya bango yalirukwa kana kwamba hayapo. Watafiti wengine walikuwa wamekwishaliona jambo hilo tangu mwaka 1998, wakaliita upofu wa mabango.

Tatizo la maabara ni kwamba mtu hualikwa, huketishwa kitini, huambiwa atulie. Hakuna anayesoma gazeti namna hiyo. Tena mtambo ni ghali, na watu 600 ni wengi kwa maabara lakini ni wachache mno kwa gazeti lenye wasomaji wa miji mbalimbali. Ndipo swali likageuka: inawezekana kuyajua macho ya maelfu ya watu, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, bila mtambo wowote?

Jibu la kwanza lilikuwa kishale cha kompyuta, ule mshale mdogo unaofuata mkono. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwachunguza watu wachache kwa mtambo wa macho huku wakirekodi mwendo wa kishale. Waligundua kuwa eneo la ukurasa lililotembelewa na kishale lilikuwa limetembelewa na macho pia katika asilimia 84 ya matukio. Mkono, kwa lugha nyepesi, hulifuata jicho.

Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi na kampuni ya Microsoft walilipima jambo hilo kwenye kurasa za kutafutia habari, wakakuta kishale kilikuwa mbali na jicho kwa wastani wa pikseli 178. Si karibu sana, lakini inatosha kwa maswali fulani. Mfano ni mtu aliyetafuta jambo, akapata orodha ya majibu, akaondoka bila kubofya lolote. Hesabu ya mibofyo itasema ameshindwa. Mwendo wa kishale unaweza kuonyesha kuwa alisimama juu ya jibu la pili, akalisoma papo hapo, akaridhika, akaenda zake.

Hata hivyo kishale kina udhaifu unaojulikana na kila aliyewahi kutumia kompyuta. Wapo wanaokisogeza kando ili kisiwazibie maneno. Wapo wanaokiacha mahali wakanyanyua kikombe cha chai. Kwa mtu mmoja, kishale hakisemi chochote cha kutegemewa. Kwa watu elfu kumi, makosa ya huyu hufutana na ya yule, na umbo la jumla hubaki. Tofauti hiyo kati ya mtu na umati itabidi tuirudie.

Njia ya pili haifuati mazoea ya mtu, bali humwomba afanye jambo. Picha huwekwa ikiwa imefifishwa kwa ukungu, na mtazamaji hubofya pale anapotaka kupaona vizuri, duara dogo likafunguka. Ni kama kumulika chumba chenye giza kwa tochi: kila unapomulika unakiri kuwa hapo ndipo ulipotaka kuona. Njia hiyo ilielezwa kwa kina mwaka 2017 kwa jina la BubbleView. Miaka miwili kabla, watafiti wa Singapore walikuwa wametumia njia inayofanana nayo, ambapo ukungu uliondoka kila kishale kilipopita, wakakusanya data za picha 10,000 kupitia vibarua wa mtandaoni. Iliyobuniwa mwaka 2012 ni rahisi zaidi na ndiyo iliyomfurahisha mwandishi wa makala haya. Mtu huonyeshwa picha, ghafla picha hutoweka, kikatokea kwa kitambo kidogo kibao kilichojaa herufi na namba, kisha huulizwa ameona herufi zipi. Herufi alizozisoma ndizo zilizokuwa pale macho yake yalipokuwa yametua. Hakuna kamera, hakuna kishale, hakuna cha kuficha.

Lakini njia hizo zinafaa kwa majaribio, si kwa msomaji wa kawaida. Hakuna gazeti litakaloziba habari zake kwa ukungu na kumtaka msomaji abofye ili asome.

Njia ya tatu ndiyo inayozua mjadala mkubwa, nayo ni kamera ambayo tayari imo kwenye kompyuta na simu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitoa programu iitwayo WebGazer inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Kila mtumiaji anapobofya mahali, programu hudhani kuwa macho yake yako hapo, ikajifunza sura ya macho hayo, na kidogo kidogo ikaanza kubashiri. Picha za uso hazilazimiki kutoka kwenye kompyuta ya mhusika. Mwaka huohuo watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts na wenzao walitangaza kazi iliyowahusisha watu zaidi ya 1,400 na picha zipatazo milioni 2.5 zilizopigwa kwa simu na kompyuta bapa. Kwenye simu, programu yao ilikosea kwa wastani wa sentimita 1.71 bila kumzoea mtu husika. Mwaka 2020 watafiti wa Google walieleza kuwa, baada ya programu kumzoea kila mmoja, walipata kosa la takriban nusu sentimita kwenye simu, kwa washiriki zaidi ya 100.

Tarakimu hizo zinahitaji kupimwa kwa rula. Programu za kivinjari zinazotumia kamera ya kompyuta hukosea kwa kiasi cha digrii 4. Aliyeketi sentimita 60 kutoka kwenye kioo, kwake digrii 4 ni kama sentimita 4. Kwenye kompyuta ya mezani hiyo yatosha kujua kama anatazama upande wa habari au upande wa tangazo, lakini haitoshi kujua anasoma mstari upi. Mwandishi alipoijaribu programu ya aina hiyo kwenye kompyuta ya ofisini, kidoti chekundu kilimfuata vizuri kwa dakika mbili hivi. Alipojinyoosha kitini, kikaanza kutangatanga kwenye pembe ya kioo, na hakikurudi mpaka alipobofya upya hapa na pale.

Linganisha na hali ya msomaji wetu. Wengi wanaosoma habari kwa Kiswahili mtandaoni, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, hawaketi mbele ya kompyuta ya mezani. Wana simu yenye kioo cha upana wa sentimita 7 hivi, wameishika ndani ya basi linalotikisika, jua linapiga dirishani. Kwenye simu hakuna kishale. Yale yote yaliyogunduliwa tangu mwaka 2001 kuhusu mkono kulifuata jicho yanaishia hapo, kwa maana kidole hugusa kioo pale tu kinapotaka kuteremsha ukurasa au kufungua kitu.

Kuna jambo jingine la kutafakari kuhusu kamera. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu tatu za kibiashara za kutambua jinsia ya mtu kwa uso wake. Kwa wanaume weupe programu hizo hazikukosea zaidi ya asilimia 0.8, kwa wanawake weusi kosa lilifika asilimia 34.7. Hizo hazikuwa programu za kupima macho, na kampuni husika zilizirekebisha baadaye. Lakini kupima macho kwa kamera nako huanza kwa kuutafuta uso, na programu iliyofunzwa kwa nyuso za wengine si ya kuaminiwa Kariakoo kabla haijajaribiwa Kariakoo.

Kinachobaki kwa simu ni saa. Programu ya gazeti haijui jicho liko wapi, lakini inajua ni sehemu gani ya ukurasa iliyo mbele ya kioo kwa wakati gani, na imekaa hapo kwa sekunde ngapi. Kampuni ya Chartbeat ya Marekani ilijijengea jina kwa kipimo hicho: mtu akiwa na ukurasa wazi lakini hagusi chochote kwa kitambo, saa husimama. Mwaka 2014 mkuu wake wa wakati huo, Tony Haile, aliandika kuwa asilimia 55 ya wanaofungua ukurasa hutumia chini ya sekunde 15 wakiwa hai juu yake. Mwaka uliofuata gazeti la Financial Times la London lilianza kuuza matangazo kwa saa badala ya kwa maonyesho, likihesabu yale tu yaliyokaa mbele ya msomaji kwa sekunde 5 au zaidi.

Ukilinganisha na kanuni iliyozoeleka, hatua hiyo haikuwa ndogo. Kwa mujibu wa kanuni iliyowekwa na chombo cha Marekani cha kusimamia vipimo vya vyombo vya habari mwaka 2014, tangazo la picha huhesabiwa kuwa limeweza kuonekana iwapo nusu ya eneo lake imekuwa kwenye kioo kwa sekunde moja. Nusu ya tangazo, sekunde moja. Kumbuka kuwa neno lililotumika ni kuweza kuonekana, si kuonekana.

Na hata kuonekana si kutambuliwa. Mwaka 2013 watafiti wa Boston waliwapa madaktari bingwa 24 wa kusoma picha za eksirei kazi ya kutafuta vivimbe kwenye picha za mapafu, wakaweka humo picha ya sokwe iliyo kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona sokwe. Mtambo wa macho, ule wa kweli wa maabara, ulionyesha kuwa wengi wao walikuwa wamemtazama moja kwa moja. Ikiwa jicho la bingwa linaweza kutua juu ya sokwe na akili isimpokee, basi anayeuza tangazo kwa kudai kuwa kipimo chake kimethibitisha umakini wa msomaji anauza zaidi ya alichonacho, awe na mtambo ghali au programu ya bure.

Hapo ndipo tofauti ya mtu na umati inapokuwa na uzito. Vipimo vyote hivi vya bei nafuu vina thamani vinapojumlishwa: aya ya tatu inawachosha watu, picha ya chini haifikiwi, tangazo la juu linarukwa. Vinapoelekezwa kwa mtu mmoja, ili kusema fulani alitazama kitu fulani kwa muda fulani, vinakuwa ubashiri uliovaa tarakimu. Bahati mbaya ni kwamba biashara ya matangazo inampenda zaidi mtu mmoja.

Na katika suala la siri ya mtu, mambo yako kinyume na woga wa wengi. Kamera inayotisha watu hulazimika kuomba ruhusa. Kivinjari huuliza kabla ya kuifungua. Kishale na kidole havimwombi mtu chochote. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walizikagua tovuti 50,000 zinazotembelewa zaidi duniani, wakapata dalili kuwa 482 kati yake zilitumia programu zinazorekodi kila alichokifanya mgeni ukurasani, mwendo wa kishale na herufi alizobonyeza vikiwamo, kama mkanda wa video unaoweza kurudiwa. Mgeni hakuona dirisha lolote la kumtaka akubali.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019; Tanzania iliitunga ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinaziweka taarifa za kibayometriki katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo gazeti litakaloshawishika kufungua kamera ya msomaji litakuwa na maswali ya kujibu. Kwa maoni ya mwandishi halina sababu ya kufika huko. Saa inayohesabu sekunde za kila aya, ikijumlishwa kwa wasomaji wote bila kuhifadhi nyayo za mmoja mmoja, inampa mhariri karibu kila anachokihitaji, na inampa mfanyabiashara jibu la ukweli kuliko mbofyo. Anayenunua nafasi ya tangazo leo ana haki ya kuuliza maswali mawili ya wazi kabla hajatia saini: mnahesabu kuanzia sekunde ya ngapi, na saa yenu husimama lini?

Saa nayo ina wasiowaona. Anayesoma polepole bila kugusa kioo huhesabiwa amelala. Anayetumia Opera Mini katika hali ya kubana data hupokea ukurasa uliokwisha kuandaliwa kwenye seva za mbali, hivyo sehemu kubwa ya mwendo wake haimfikii mwenye gazeti. Anayesoma kwa sauti ili wenzake watatu kijiweni wasikie ni mtu mmoja. Na yule aliyepiga picha ya habari, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ikasomwa na shangazi Tanga na mpwa Muscat, huyo kwenye hesabu zetu alifungua ukurasa mara moja, akakaa sekunde 9, akaondoka.